Windows ikishindwa kujikarabati inapowaka
Ndugu, umeeleza kuwa kompyuta yako inarudia skrini ya bluu ikisema imeshindwa kujikarabati, na fundi amekushauri ifutwe yote; si lazima. Tafadhali usikubali kabla faili zako hazijanakiliwa kwenye diski ya nje, hasa ikiwa diski yako inagonga-gonga au inatoweka kwenye BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows), kwa maana hapo tatizo ni la kifaa chenyewe na kila jaribio la kukarabati huzidi kuichosha.

Diski ikiwa nzima, ingia kwenye chaguo za juu za ukarabati (Advanced options), fungua dirisha la amri (Command Prompt), na uandae ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, iwapo utaulizwa. Andika dir C:\Users kwanza, uone kama folda yenye jina lako ipo, kwa kuwa katika mazingira hayo diski yenye Windows mara nyingi hupewa herufi nyingine, na watu wengi hukarabati sehemu isiyohusika. Kisha soma faili C:\Windows\System32\LogFiles\Srt\SrtTrail.txt kwa amri ya notepad; huko ndiko chanzo cha hitilafu huandikwa, ingawa wachache hulifungua.

Chanzo kikiwa faili za kuwashia, na amri ya kuzikarabati, bootrec /fixboot, ikakukatalia ruhusa, jambo la kawaida kwenye mashine za UEFI (mrithi wa BIOS), tumia diskpart, amri ya kusimamia sehemu za diski, kuipa herufi S ile sehemu ndogo ya diski yenye faili za kuwashia, iliyoandikwa FAT32, kisha uandike bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, ukibadilisha C iwapo herufi yako ni tofauti.