Kipimo cha p-tau217 kikiwa juu: kinasema nini, na kinga ya mwili inahusikaje?

Mleta mada, umeuliza mambo matatu kuhusu mama yako mwenye miaka 71 aliyeanza kusahau: iwapo kiwango kikubwa cha p-tau217, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, katika damu yake ni jibu la mwisho, iwapo kaka yako yuko sahihi kutaka kumpa vidonge vya kupunguza uvimbe kwa sababu amesoma kwamba ugonjwa wa Alzheimer hutokana na kinga ya mwili kuushambulia ubongo, na iwapo ninyi watoto nanyi mkapimwe. Nimeyapitia haya kwa pande mbili. Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, katika kitengo kinachopokea maji ya uti wa mgongo, na mama yangu mzazi aliugua ugonjwa huohuo.

Nianze na vidonge, kwa kuwa hivyo vinaweza kumdhuru mama yako wiki hii hii. Tafadhali msimpe. Mimi na kaka yangu tulimpa mama dawa ya aina hiyo kila siku kwa karibu miezi mitatu bila kumweleza daktari, tukiamini kwamba tunatuliza moto uliokuwa ukiwaka ubongoni. Asubuhi moja alianguka akitoka msalani. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami, na hospitalini wakakuta kidonda cha tumbo kilichokuwa kinavuja damu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikitazama damu ya kuongezewa ikidondoka tone kwa tone, na hadi leo sijaacha kujilaumu, kwa sababu jibu la kitafiti lilikuwapo kabla hatujaanza. Jaribio lililoitwa ADAPT liliandikisha watu zaidi ya 2,500 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, ambao walikuwa na ndugu wa karibu aliyeugua, wakapewa naprokseni au selekoksibu, ambazo ni dawa za kupunguza uvimbe, au kidonge kisicho na dawa. Utoaji wa dawa ulisimamishwa Desemba 2004 kutokana na wasiwasi kuhusu moyo na mishipa ya damu, na wahusika walipoendelea kufuatiliwa haikuonekana kwamba dawa hizo ziliwakinga na ugonjwa.

Kaka yako hajakosea kabisa, lakini amesoma nusu ya habari. Ubongo una seli zake za ulinzi ziitwazo mikroglia, ambazo hupita zikikagua, hula mabaki na huzingira mabonge ya amiloidi, protini inayojikusanya ubongoni katika ugonjwa huu, ili yasisambae. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba watu wenye badiliko fulani adimu katika jeni ya TREM2 wana hatari ya kuugua inayokaribia mara tatu ya watu wengine. Jeni hiyo ndiyo inayoisaidia mikroglia kutambua uchafu na kuuzingira, na badiliko hilo huipunguzia uwezo. Kwa maneno mengine, walinzi wanapolegea hatari huongezeka, na kuwanyamazisha kwa vidonge kunaweza kuwa kuwafunga mikono wakati bado wanahitajika.

Upande wa pili nao upo, na hapo ndipo kaka yako alipoishia kusoma. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016, protini za kinga za mfumo wa komplementi, hasa C1q, zilionekana kubandikwa kwenye maungio ya seli za neva mapema, kabla mabonge ya amiloidi hayajajaa, kisha mikroglia ikayala maungio hayo kana kwamba ni takataka. Kwa hiyo seli ileile husafisha na huharibu, kutegemea hatua ya ugonjwa na ishara inazopokea. Ndiyo maana tiba za kinga zimekuwa ngumu kuzipata. Chanjo ya kwanza ya kuufundisha mwili kushambulia amiloidi, AN1792, ilisitishwa mwaka 2002 baada ya watu 18 kati ya takriban 300 waliochanjwa kupata uvimbe wa ubongo na utando wake. Kingamwili za kutengenezwa maabara zilizokuja baadaye zimefika mbali zaidi. Lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani Julai 2023, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18 ikilinganishwa na dripu isiyo na dawa. Haikuusimamisha ugonjwa, na inaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu ndani ya ubongo, ambapo uvimbe ulitokea kwa karibu theluthi moja ya wagonjwa waliorithi nakala mbili za APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer. Daktari akiwatajia tiba ya namna hii, ulizeni kwanza kuhusu kipimo cha jeni hiyo.

Sasa nije kwenye namba iliyowatia hofu. Tau ni protini inayoshikilia nguzo za ndani za seli ya neva, na p-tau217 ni tau iliyobandikwa fosfati katika nafasi ya 217. Amiloidi inapojikusanya ubongoni, seli za neva hutoa tau ya namna hiyo kwa wingi, na kiasi kidogo mno hupenya hadi kwenye damu, kiasi kinachopimwa kwa pikogramu, yaani sehemu ya trilioni ya gramu. Uwezo wa kukipima ni mafanikio makubwa, na sisi tuliozoea kungoja maji ya uti wa mgongo tunayathamini sana. Mwezi Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua ugonjwa huu, kinachotumia uwiano wa p-tau217 na amiloidi 42, aina mojawapo ya amiloidi. Katika sampuli 499 zilizochunguzwa, asilimia 91.7 ya waliopata jibu chanya walithibitishwa kuwa na amiloidi kwa skani ya PET, yaani picha ya ubongo inayoonesha amiloidi, au kwa maji ya uti wa mgongo, na asilimia 97.3 ya waliopata jibu hasi hawakuwa nayo. Jibu zuri kabisa, lakini angalia linasema nini: amiloidi ipo. Halisemi kwamba kila usahaulifu wa mama yako unatokana nayo, wala halisemi mwakani atakuwa katika hali gani.

Isitoshe, p-tau217 hupanda pia figo zikichoka, kwa hiyo majibu ya figo yake yawekwe mezani pamoja na hili. Tezi ya shingo, vitamini B12, dawa za usingizi anazotumia, pamoja na sonona, vichunguzwe pia, kwani mtu anaweza kuwa na amiloidi na bado akawa anasahau zaidi kwa sababu ya jambo jingine linalotibika. Kama wamewapa pia kipimo cha NfL, protini ya ndani ya seli za neva, jueni kwamba chenyewe huonesha tu kwamba seli za neva zinaumia, kwa sababu yoyote ile.

Kwa mama yangu nilijifunza pia kutoiamini namba kabla ya kujua safari ya sampuli. Amiloidi hunata kwenye kuta za chombo. Maji yake ya uti wa mgongo yalihamishwa mara mbili katika mirija isiyo ya polipropilini, plastiki ambayo amiloidi hainati sana, kabla ya kutufikia, na amiloidi 42 ikasomeka chini sana. Kwa kuwa katika ugonjwa huu amiloidi 42 hushuka kwenye maji hayo, jibu lilionekana kutisha kuliko hali halisi. Niliigeuza ile mirija mkononi, nikaona ukungu wa matone yaliyobaki pembeni, nikaomba sampuli irudiwe. Mara ya pili tulipima uwiano wa amiloidi 42 kwa 40, kwa sababu zote mbili hunata na uwiano husawazisha sehemu ya hasara hiyo, tukapima na tau. Uwiano ulikuwa chini, tau ilikuwa juu. Ugonjwa ulikuwa uleule, lakini sasa daktari alikuwa na jibu la kusimamia. Nanyi ulizeni damu ilitolewa lini, ilikaa muda gani kabla ya kugandishwa, na kama jibu liko juu wazi au liko katika eneo la katikati ambalo halina uamuzi.

Kuhusu ninyi watoto, kipimo nilichokitaja kiliidhinishwa kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Kwa asiye na dalili, jibu chanya kwa sasa humwachia mzigo wa kuubeba bila dawa iliyothibitishwa kuuzuia ugonjwa usianze, ingawa majaribio ya dawa kwa watu wa namna hiyo yanaendelea, na anayejiunga nayo hupimwa akiwa na wa kumwelekeza. Mimi nafanya kazi hatua chache kutoka kwenye mashine yenyewe, nina historia ya mama, na sijajipima.