Ziada ipo, fedha hazipo: inawezekanaje?

Umeuliza inakuwaje chuo kikuu cha utafiti kitangaze ziada, yaani mapato kuzidi matumizi, kwenye ripoti ya mwaka, halafu kiseme hakina fedha za kuajiri wahadhiri. Inawezekana kabisa, na mara nyingi si uongo. Sehemu kubwa ya fedha hizo imefungwa masharti: ruzuku ya utafiti wa saratani haiwezi kumlipa mwalimu wa historia, na mfuko wa wakfu, yaani fedha za wahisani zilizowekezwa ili faida yake itumike, mara nyingi hutumika kwa lile tu alilotaka mtoaji. Tena ruzuku inaweza kuingizwa kama mapato mwaka huu ilhali matumizi yake yako mwaka ujao, basi ziada ikavimba kwenye karatasi.

Halafu utafiti wenyewe mara nyingi haujilipii. Mfadhili hugharamia vifaa na watafiti, lakini sehemu ya mzigo wa umeme, majengo na uhasibu mara nyingi hubebwa na chuo, na ada za wanafunzi husaidia kuziba pengo. Hilo linaniuma, kwa sababu mwanafunzi haambiwi.

Usiishie kwenye jumla. Fungua maelezo ya hesabu, tafuta akiba isiyo na masharti na fedha taslimu zilizotokana na uendeshaji, kisha usome maoni ya mkaguzi wa nje. Angalia pia kama kamati ya ukaguzi ya baraza la chuo, chombo kinachokisimamia, ina wajumbe wasio watendaji wa chuo.