Ukimtafuta kunguru chotara, anza na tumbo

Mwaka wangu wa kwanza karibu na mto Elbe, Ujerumani, nilimtambia kila mtu kwamba nimempata kunguru chotara, yaani mzaliwa wa kunguru mweusi na kunguru wa kijivu. Alikuwa mweusi tititi, ila akiruka tu mabawa yanatoa mstari mweupe. Nikampiga picha kama arobaini. Mzee mmoja mwenye darubini shingoni alizipitia, akacheka: "Huyu alilishwa vibaya utotoni, basi."

Alisema kweli. Kinda akikosa lishe nzuri kiotani, manyoya huota bila rangi ya kutosha, na mara nyingi mistari hiyo hupotea akibadilisha manyoya. Kwa hiyo achana na weupe. Tafuta kijivu.

Magharibi mwa Ulaya yupo kunguru mweusi mwili mzima. Mashariki na kaskazini yupo wa kijivu, ambaye kichwa, koo, mabawa na mkia tu ndivyo vyeusi. Wanapokutana, kuanzia Scotland, kupitia Denmark na Ujerumani, hadi kaskazini mwa Italia, kuna ukanda mwembamba ambamo hupandana. Machotara wao si tasa. Nao huzaa, na wajukuu wakarudia kupandana na upande huu au ule, ndiyo maana usitegemee sura moja ya chotara. Wengine ni nusu kwa nusu, wengine ni kijivu chenye madoa machache, na wapo weusi ambao utawapita bila kushtuka.

Mimi huanza na tumbo, kisha manyoya ya chini ya mkia, halafu mgongo. Kwa chotara, kijivu huwa kama shati lililosuguliwa na mkaa: michirizi kifuani, madoa mgongoni, mpaka wa rangi usioeleweka unaanzia wapi. Na usiamue juani! Mweusi akipigwa na jua mgongoni hung'aa hadi ukamdhania kijivu. Subiri aingie kivulini.

Kilichonishangaza zaidi ni jeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kunguru weusi wa Ujerumani wako karibu zaidi kijenetiki na wale wa kijivu kuliko na weusi wenzao wa Hispania. Tofauti zenyewe ni chache, na nyingi zimejazana kwenye kipande kimoja cha kromosomu ya 18, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Hata hivyo, kila upande hupendelea mwenzi wa rangi yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukanda kubaki mwembamba.

Sasa akili. Utasikia kwamba chotara ni mjanja kuwazidi wazazi wake, nami karibu niyaandike hayo. Nilimwona mmoja akifukia karanga, akagundua kunguru mwingine anamchungulia, akaondoka kama hana habari. Mwenzake alipokwenda zake, akarudi, akaifukua na kuihamisha. Nilifurahi kupita kiasi. Wiki iliyofuata mweusi akafanya vilevile, hatua kwa hatua.

Na kwa nini asifanye? Huko Tübingen, mji wa Ujerumani, kunguru weusi wamefundishwa kutofautisha idadi ya vitu. Mwaka 2015 watafiti walieleza jinsi kunguru wa kijivu huko Moscow walivyolinganisha mahusiano kati ya jozi za picha bila kufunzwa jambo hilo moja kwa moja. Akili iko pande zote mbili za ukoo.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu: naandika kwanza alichofanya ndege, rangi yake baadaye. Ukianza na rangi, macho yatakuletea unachokitaka.

Jambo jingine, kwa kifupi: majira ya makinda utamkuta mmoja chini, ana macho ya samawati, anatembea kama mlevi. Mwache. Wazazi wako juu wanakutazama, na wakikukariri sura utajuta.

Yule chotara wangu wa karanga, msimu wa tatu alipata mwenzi wa kijivu. Walitoa makinda matatu. Wawili kwangu ni kijivu safi. Wa tatu ana doa kifuani, na mzee anasema ni kivuli cha tawi. Picha hiyo tumeibishania miezi minne sasa.