Chakula cha jioni cha mboga kwa namna ya Kijapani: anzia kwa dagaa wa Mwaloni

Dada wa Nyegezi, umeuliza namna ya kupika nyumbani chakula cha jioni cha mboga chenye ladha ya Kijapani, kiwe rahisi, jiko lako ni lile dogo la gesi linalokaa juu ya mtungi, una watoto wawili, na hutaki kuambiwa uagize vitu Dar. Waliotangulia kukujibu wamekutajia miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa), mwani na mirin (divai tamu ya mchele ya kupikia), na mmoja amesema bila hivyo usijisumbue. Mimi nakaa Kitangiri, napika chakula hiki mwaka wa sita sasa, na nakwambia jisumbue wiki hii hii. Kinachoifanya mboga iwe ya Kijapani ni supu inayopikiwa, na supu hiyo inatokana na dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza.

Nieleze nilivyojua. Tulipokuwa tumepanga nyumba ya vyumba vinne vya kutazamana, chumba cha mbele alikaa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, akifundisha hisabati sekondari. Jumamosi moja nikamkuta kibarazani na ungo wa dagaa mapajani. Anachukua dagaa mmoja, anavunja kichwa kwa kidole gumba, anampasua ubavuni na kutoa kile cheusi cha tumboni, anaweka mwili upande huu na uchafu upande ule. Mmoja mmoja. Nikamwambia, "Mwalimu, sisi tunaosha tu na kukaanga." Akasema, "Dada, hawa si wa kukaanga. Hawa ni wa maji." Jioni akanipa kikombe cha hayo maji. Hayakuwa na nyanya, kitunguu wala mafuta, ni maji ya rangi ya chai iliyopauka yenye chumvi kidogo. Nilikunywa chote, nikarudisha kikombe nikiuliza amefanyaje.

Kwao wana samaki wadogo wa baharini wanaochemshwa na kukaushwa, wanawaita niboshi, na supu yake ni moja ya aina za dashi, ile supu ya msingi ya mapishi yao. Inayotajwa zaidi ni ya mwani uitwao kombu na samaki mkavu anayeparuzwa kama maranda, ila ya samaki wadogo ndiyo iliyozoeleka majumbani, hasa kwa supu ya miso. Mwalimu alipofika Mwanza na kuona dagaa wameanikwa ufukweni, alijua hatalala njaa.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yote. Ukipatia hapa, yaliyobaki ni mepesi.

Nunua dagaa waliokaushwa kwenye kichanja, usinunue waliokaushwa mchangani. Waliokauka mchangani utawaosha mara tano na bado supu itakuwa na kokoto za kusaga jino. Muulize muuzaji, kisha chukua wachache uwasugue kiganjani, uone kinachobaki. Mzuri anang'aa fedha na mgongo wake haujawa wa njano. Wa njano mafuta yake yamechacha, na supu itakwaruza koo. Angalia na mwezi pia: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka wanaadimika na bei inapanda. Mimi nanunua giza likiwa limekolea, naweka kwenye kopo linalofunga sawasawa.

Konzi mbili za dagaa kwa lita moja ya maji. Toa vichwa na matumbo kama alivyofanya mwalimu. Najua dagaa wetu ni wadogo na kazi inachosha, lakini uchungu wote umo humo. Waite watoto, itakuwa dakika kumi. Kisha waweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, uwageuzegeuze mpaka jikoni kunukie kama karanga zinazoiva. Niboshi wa Japani hawana lazima ya hatua hii, ila dagaa wa ziwani hawakuchemshwa kabla ya kuanikwa na shombo lao ni kali, moto mkavu ndio unaolitoa. Loweka kwenye maji ya baridi angalau nusu saa. Mimi naloweka asubuhi kabla ya kutoka, naweka kwenye friji. Jioni bandika moto wa wastani, yakianza kuchemka punguza, engua povu, acha dakika nane hadi kumi, usizidishe. Chuja kwa kitambaa safi.

Na hii nimeiongeza mwenyewe: wakati wa kuchemsha natumbukiza nyanya moja iliyoiva sana, nimeikata mara mbili. Sababu ipo. Mwaka 1908 profesa mmoja wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alipata glutamati, kitu kinachotia ladha nzito kama ya mchuzi, ndani ya mwani wa kombu, na ladha ile akaipa jina la umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akapata inosinati, kitu kingine chenye ladha hiyo, ndani ya samaki mkavu. Vitu hivi viwili vikikutana chungu kimoja, ladha inapanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Kombu hatuna, lakini nyanya mbivu imejaa glutamati, na dagaa analeta inosinati. Hata mchuzi wetu wa dagaa na nyanya ni mtamu kwa sababu hiyo hiyo. Nyanya usiiponde, itachafua supu. Vitoe vipande vyake vizima wakati wa kuchuja.

Kama nyumbani kwako kuna asiyekula samaki kabisa, watawa wa Kibuddha wa Japani wana mapishi yasiyo na nyama wala samaki, yanaitwa shojin ryori, na supu yao ni ya kombu na uyoga mkavu. Loweka uyoga mkavu usiku kucha, tumia maji yake.

Kuhusu soya sosi, nunua yenye orodha fupi: maji, soya, ngano, chumvi. Mara ya kwanza nilichukua ile nzito nyeusi ya kutia rangi. Boga lote likawa jeusi na chungu, nikalimwaga, na iliniuma kwa sababu lilikuwa boga zuri la kutoka Misungwi. Ukishatia soya sosi usitie chumvi nyingine. Kijiko kimoja cha chakula kina chumvi kama gramu mbili na nusu, na mwenye presha nyumbani lazima umkumbuke. Wala usihangaike kutafuta mirin, sukari kidogo inatosha.

Basi boga. Kwangu hili ndilo pishi lenyewe, na kama utapika moja tu, pika hili. Wajapani wanapenda boga kuliko unavyodhani. Wanaliita kabocha, jina lililotokana na Kambodia, maana Wareno ndio waliowapelekea wakitokea huko karne ya 16. La kwao ni kavu na la unga. Ya kwetu mengi yana maji, kwa hiyo sokoni chagua lenye kikonyo kikavu kabisa, zito kuliko linavyoonekana, na ukiruhusiwa kuona lililokatwa, nyama yake iwe ya machungwa iliyokolea, isiyotoa jasho.

Likate vipande vya kutosha mdomo mara mbili. Ganda usimenye lote, libandue hapa na pale tu, ndilo linalozuia vipande visivurugike. Kona kali za kila kipande zipunguze kwa kisu. Inaonekana ni urembo, lakini kona ndizo zinazoanza kubomoka na kuifanya supu uji. Vipange kwenye sufuria pana, ganda chini, tabaka moja. Kwa kilo moja ya boga mimina vikombe viwili vya supu yako, isifunike, ifike katikati ya vipande. Tia sukari vijiko viwili vya chakula, chemsha dakika tano, ndipo utie soya sosi vijiko viwili.

Sukari kwanza, chumvi baadaye. Wajapani wana mfuatano wanaofundishwa kama shairi la watoto, sa-shi-su-se-so, silabi zinazosimamia majina ya Kijapani ya sukari, chumvi, siki, soya sosi na miso. Sukari inaingia polepole, na chumvi ikitangulia boga linakaza na utamu unabaki nje. Nimejaribu kupindua mfuatano, na tofauti niliionja.

Juu ya vipande, ndani ya sufuria, weka kifuniko kidogo kinachogusa chakula chenyewe. Wao wana cha mbao, wanakiita otoshibuta. Mimi natumia sahani ya bati ndogo kuliko sufuria. Supu inapochemka inagonga ile sahani na kurudi juu ya boga, hivyo maji machache yanaivisha vipande vyote bila kuvigeuza. Usikoroge hata mara moja. Dakika kumi na tano moto mdogo, choma kwa njiti, ikipita zima. Kisha liache lipoe. Ladha inaingia boga likipoa. Ukilila la moto utasema ni boga la kuchemsha, ukilila baada ya nusu saa utaelewa nilichokuwa nasema.

Nusu saa hiyo jiko limekuwa huru. Bandika wali. Mchele wetu wa Usukumani unanukia na haushikani kama wa kwao, nao usilazimishe. Pika bila mafuta, nazi wala chumvi, ongeza maji kidogo tu ulainike. Wali usio na chumvi watoto wangu waliugomea siku mbili, ya tatu wakazoea, kwa sababu mboga ndiyo yenye chumvi. Na hapa kuna jambo ninalolipenda: Wajapani wana neno okazu, maana yake chochote kinacholiwa pamoja na wali, kiwe majani, samaki au nyama. Ni neno letu la mboga kabisa, lile la mtu anayeuliza "leo mboga nini?" akajibiwa "nyama".

Wali ukitulia kwenye kifuniko, pika mchicha. Huu ni wa dakika tatu. Maji yachemke kwelikweli, tumbukiza mafungu mawili mazima, mashina yatangulie, hesabu hadi arobaini, toa, zamisha kwenye maji ya baridi. Sasa kamua. Kamua kwa mikono miwili kama unayekamua nguo, mpaka ubaki na donge la ukubwa wa ngumi, maana maji yakibaki yanazima viungo vyote. Kata donge vipande. Ufuta vijiko vitatu ukaange mpaka uanze kuruka, twanga kwenye kinu, uache na chenga, changanya na sukari kijiko cha chai na soya sosi kijiko cha chakula, kisha mchicha uingie. Ukikosa ufuta, karanga zilizokaangwa zinafanya kazi ile ile, na Japani nako wanatumia. Kwa sisi tuliokulia kwenye majani ya kunde yaliyoungwa karanga, hii haitakuwa ngeni.

Bilinganya ni kama utakuwa na nguvu. Kata, kaanga kwenye mafuta ya moto hadi zilainike, zitumbukize zikiwa bado zinachuruzika mafuta kwenye supu ya moto yenye soya sosi na tangawizi ya kuparuza. Kesho yake ni tamu zaidi. Bamia pia wanaipenda, wanaichemsha kidogo na kuikatakata, na utelezi wake kwao ni sifa, kama mlenda kwetu.

Supu iliyobaki, kama vikombe viwili, irudishe motoni, tia kabichi iliyokatwa nyembamba na karoti, soya sosi kijiko kimoja, vitunguu majani juu. Hiyo ndiyo supu ya mezani. Miso nimewahi kuletewa mara moja, ni tamu, na ukiipata siku moja ikoroge baada ya kuzima moto, kwa sababu ikichemka harufu yake inapotea. Lakini miaka yote hii nimepika bila miso na hakuna aliyeniuliza iko wapi.

Bibi yangu alipokuja kutoka Magu nilimwandalia hivi. Aliliangalia boga muda, akasema, "Mjukuu wangu, boga tunalipika na karanga au tunalichemsha. Hili umelifanya nini?" Nikamwambia, "Onja kwanza, bibi." Akaonja, akanyamaza, akachukua kipande cha pili, akakigeuza upande wa ganda. "Humu kuna dagaa," akasema. "Nawasikia lakini siwaoni."

Na wale dagaa waliochujwa usiwatupe, dada, bado wana kazi. Waanike kidogo wakauke maji, warudishe kikaangoni na mafuta kidogo, sukari kijiko, soya sosi kijiko, ufuta wa kunyunyiza, geuza hadi wang'ae na kushikana. Funika kwenye kopo, wanakaa siku tatu kwenye friji. Wanangu wanaumwagia wali wa asubuhi kabla ya shule, na ukichelewa kuamka unakuta kopo tupu.