Bomu ndani ya injini ya roketi

SWALI: Mhariri, nasikia injini za F-1 zilizorusha roketi za Apollo kwenda mwezini zilirekebishwa kwa kujaribu na kukosea. Wahandisi hawakuwa na hesabu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Walikuwa nazo, ndugu msomaji, ila hazikutosha. F-1 ilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni ya kimiminika, vikipulizwa kupitia bamba lenye upana wa karibu mita 1 na maelfu ya vitundu. Mwako ukiyumba, mawimbi ya shinikizo huzunguka ndani ya chumba cha mwako na injini huharibika mara moja. Ndivyo ilivyoharibika moja kwenye jaribio la Juni 1962. Kompyuta za wakati ule zisingeweza kukokotoa msukosuko huo.

Kwanza walibuni namna ya kujaribu, na hapo ndipo penye ufundi mkubwa. Injini inaweza kuwaka salama mara kumi, ikalipuka ya kumi na moja, kwa hiyo kungoja iyumbe yenyewe hakufundishi kitu. Wakaweka bomu dogo chumbani, wakalilipua injini ikiwaka, kisha wakapima muda ambao mtikisiko unachukua kutulia. Sasa kila badiliko lilikuwa na namba yake: kipenyo cha vitundu, pembe ya michirizi inapogongana, na kuta fupi zilizogawa uso wa bamba sehemu 13.

Baada ya majaribio takriban 2,000 ya injini kamili, mtikisiko ulitulia wenyewe chini ya sekunde 0.1. Roketi za Saturn V, ndizo zilizopeleka Apollo mwezini, ziliruka mara 13, kila moja ikiwa na injini 5 za F-1, na hakuna F-1 iliyoharibika angani.