Mafuriko yamebeba mtama: naanzia wapi?

SWALI: Mto umefurika, umesomba eka mbili za mtama na moja ya alizeti. Nimesikia kuna msaada wa serikali. Nafanyaje nisiachwe kwenye orodha?
Msomaji, Bahi

JIBU: Kwanza pole. Pili, msaada wa maafa si fidia: haulipwi eka kwa eka, na mara nyingi huja kama chakula au mbegu, si fedha mkononi.

Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia kijiji na kata hadi wilaya, mkoa na taifa. Orodha inayoanzia juu bila kupita kijijini hukwama.

Usilime upya wala kuingiza mbuzi kabla afisa ugani hajafika. Akikuta shamba limelishwa, atathmini nini? Piga picha mazao yaliyolala na alama ya maji. Pima kwa hatua, 70 kwa 70 ndiyo eka moja, na usiongeze chumvi: ukitaja eka tano jirani akijua ni tatu, jina lako linatiliwa shaka.

Kinachowaangusha wengi ni majina. Kitambulisho cha taifa kinasema hivi, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la shemeji. Kama shamba ni la kukodi, peleka makubaliano yenye saini ya mwenye shamba, maana naye anaweza kujiandikisha kwa shamba lilelile.

Majina yakibandikwa ofisini na lako halipo, andika malalamiko kwa mtendaji wa kata, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.