Mashine Imekula Kidole: Nani Analipa?

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka viwandani. Nimezifupisha.

Presi ya mabati ilinikata ncha za vidole viwili wiki jana. Supavaiza anasema nilijua kinga ya mashine imetolewa, kwa hivyo silipwi kitu. — Ruaraka

Anakutisha tu. Sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha ya kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, haianzi kwa kuuliza nani alizembea. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini, kwa sababu ya kazi. Kinachoweza kukunyima ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haukunyimi ukiwa umelemaa vibaya. Kuendelea na kazi bila kinga kwa sababu oda inangojewa getini, huo kwangu si utovu wa makusudi.

Presi nyingi zina vitufe viwili, kila mkono na chake, ili presi isishuke mkono mmoja ukiwa chini yake. Nimewahi kuona kitufe kimoja kimekwamishwa kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti chenyewe kilikuwa kimelainika na kuwa cheusi kwa grisi, maana yake kimekaa hapo miezi. Supavaiza apite mbele yake kila asubuhi asikione? Kisha sheria ya usalama na afya kazini, nayo ya 2007, inamdai mwenye kiwanda, si wewe, azibe kila sehemu ya mashine iliyo hatari. Mwombe mwenzako apige picha leo, kabla kinga haijarudishwa na kupakwa rangi.

Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini; mtu akifa, ni saa 24. Uliza kama fomu imepelekwa, uombe nakala.

Mimi ni kibarua wa kutwa. Ofisi ilinipa shilingi 30,000 nikasaini. Kidole bado hakikunji. — Athi River

Kibarua ni mfanyakazi, na mapatano ya mdomo ni mkataba. Jumbe za M-Pesa za malipo yako usizifute, huo ndio ushahidi wako.

Kuhusu hizo 30,000, tupige hesabu. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96, kisha daktari anasema ni asilimia ngapi. Ukiwa unapata 20,000 kwa mwezi na daktari aseme asilimia 10, ni shilingi 192,000. Sasa unaelewa kwa nini kalamu ililetwa haraka hivyo. Nenda ofisi ya leba ukiwa na karatasi za hospitali, ueleze pia ulichosaini. Usingoje: ajali isiporipotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12, haki inapotea.

Wakili anataka twende kortini moja kwa moja. — Changamwe

Mwulize kama amesoma uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019. Dai huanza kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na alichoamua una siku 60 za kupinga, na baadaye ndipo ije rufaa katika mahakama ya ajira.

Kidole kikikatika, ni kweli kiwekwe kwenye barafu? — Thika

Kisiguse barafu yenyewe, itakiunguza. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya kitu kisichopitisha maji, kisha hicho ndicho ukiweke juu ya barafu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 wengi hawana cha kukitilia; glovu safi ya mpira, ifungwe fundo, inatosha. Mgonjwa na kidole waende kwa gari moja. Msicheke, nimeona vikiachana.

Bosi ametununulia glovu za kitambaa za drili ya meza. Tuvae? — Nakuru

Mshukuru, kisha mzivue kabla ya kuwasha. Drili ikishika uzi mmoja wa glovu, mkono unafuata. Mikono ya ovaroli nayo ifungwe vifungo.